Wasifu wa nyanya yangu aliyekuwa muuguzi: tuseme nini katika ibada ya ukumbusho?

Mjukuu wa Kisauni ameuliza:

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwenu nyote.

Familia yetu inajiandaa kwa ibada ya ukumbusho wa nyanya, mama mzaa baba, aliyetutoka mwaka jana, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuandika wasifu utakaosomwa kanisani kabla ya mahubiri. Kasisi ametupa dakika kumi. Sioni kosa lake, kwa kuwa sote tumewahi kukaa kwenye mabenchi tukisikiliza wasifu wa saa nzima ambao marehemu mwenyewe, lau angefufuka, angeomba ruhusa ya kutoka nje.

Nyanya alizaliwa Kisauni katika mojawapo ya familia za Wamisheni wa Frere Town, kijiji cha misheni cha watu waliookolewa utumwani, akasomea uuguzi kabla ya uhuru, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alihudumu katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo yeye na wenzake hawakuiita kwa jina jingine ila Makadara. Alianzia wadi ya watoto, akamalizia kliniki ya mama na mtoto. Miaka ya mwanzo alikuwa akivuka kwenda kisiwani kwa lile daraja la zamani la Nyali lililoelea juu ya maboya, ambalo lilitumika tangu 1931 hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka wa 1980, na alipokuwa na zamu ya usiku alirudi alfajiri akiwa bado na nguvu za kuchemsha chai ya watu wote. Baada ya kustaafu hakustaafu. Hodi za usiku ziliendelea, za mtoto mwenye degedege, za mzee aliyekwama mkojo, za msichana aliyeshikwa na uchungu mvua ikinyesha na gari hakuna.

Jambo ambalo wengi nje ya nyumba hawalijui ni jinsi ukarimu wake ulivyotokana na kazi yake. Wagonjwa walikuwa wakiletwa Makadara kutoka Lamu, Tana, Taveta, Kwale, na pamoja na kila mgonjwa huja mama, au shangazi, au baba aliyekunja barua ya daktari ndani ya mfuko wa shati, asiyekuwa na ndugu Mombasa wala nauli ya kurudi. Saa ya kutazama wagonjwa ikimalizika watu hao hutolewa wadini. Nyanya alikuwa akimaliza zamu na kurudi nyumbani na mmoja wao. Hakutuomba ruhusa, wala hakueleza sana. Alisema tu kwamba huyu ni mama wa mtoto fulani wa kitanda cha dirishani, mpeni maji ya kuoga. Wengine walikaa siku mbili, wengine walikaa hadi mtoto alipotoka hospitali, na wapo ambao mtoto hakutoka, wakalia matanga yao sebuleni kwetu kabla ya kupata usafiri wa kurudi kwao.

Sasa baba mdogo ameandika rasimu ya kwanza. Ni ukurasa wa miaka na vyeo: mwaka aliobatizwa, mwaka aliopata kipaimara, mwaka aliofunga ndoa, nafasi zake katika Umoja wa Akina Mama, kamati ya ujenzi, baraza la parokia, vyeti vya uuguzi, barua ya shukrani ya kustaafu. Hakuna hata neno moja la uongo ndani yake, na bado nikiisoma simwoni nyanya. Ningeweza kubadilisha jina la juu nikaisoma kwenye maziko ya mtu mwingine.

Maswali yangu ni haya. Nitaielezaje imani yake bila kufanya wasifu kuwa mahubiri ya pili, hasa kwa kuwa nusu ya watakaokuja ni majirani Waislamu waliomjua kuliko hata baadhi ya washirika? Nitaielezaje kazi yake bila kutoa siri za wagonjwa? Na je, historia ya Frere Town iingie au iachwe, kwa kuwa katika dakika kumi inaweza kumeza kila kitu? Ninawasihi mliowahi kuandika wasifu wa wazee wa namna hii mnisaidie.

Mzee wa Rabai amejibu:

Mjukuu wangu, marahaba. Pole kwa msiba, na hongera kwa kuikataa orodha ya vyeo kwa adabu.

Nianze na historia, kwa kuwa mimi ni mtu wa huko. Ukiniruhusu nieleze yote nitaanza na mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka wa 1844 na kumzika mkewe Rosina mwaka huohuo upande wa Nyali, nije Rabai mwaka wa 1846 alipojiunga naye mmisionari mwenzake Rebmann, nifike mkataba wa mwaka wa 1873 ambao Sir Bartle Frere alitumwa kuutafuta kwa Sultani Barghash wa Unguja ili biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikomeshwe, na miaka miwili baadaye kijiji kikaanzishwa Kisauni kwa jina lake, kupokea watu walioopolewa kutoka majahazini. Dakika zako kumi zitakuwa zimekwisha na nyanya yako hajazaliwa.

Kwa hiyo weka sentensi mbili, lakini ziwe zile zinazomhusu. Watu wa Frere Town walitoka kila mahali, wapo Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, na baadaye watumwa watoro waliokimbilia misheni kutoka mashamba ya huku kwetu pwani. Mtu aliyechukuliwa akiwa mtoto hakuwa na mjomba wa kumwozesha wala ukoo wa kumzika. Waliofika pamoja ndio waliofanyiana undugu, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwa sababu hapakuwa na nyingine ya pamoja. Kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu wakati wa hatari ya kuvamiwa na wafanyabiashara ya watumwa. Mtu aliyelelewa na wazee wenye kumbukumbu hiyo, anapomleta nyumbani mama asiyekuwa na ndugu mjini, mimi sishangai. Lakini sikiliza: usiuseme uhusiano huo kana kwamba ni wa hakika ikiwa nyanya mwenyewe hakuwahi kuusema. Waulize wakubwa wenu. Kama aliwahi kusema neno lolote kuhusu bibi yake na kengele ile, hilo neno lake moja lina uzito kuliko aya yangu yote.

Kuhusu imani, fungua Matendo ya Mitume sura ya tisa, habari za Dorkasi wa Yafa. Petro alipofika chumba cha juu, wajane walisimama karibu naye wakilia, na walichomwonyesha ni kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Kwangu mimi huo ndio wasifu wa marehemu ulio bora zaidi katika Biblia nzima, na hakuna aliyetaja kamati. Katika miaka yangu ya kuwa mzee wa kanisa nimesikiliza wasifu mwingi mno, na unaobaki masikioni ni ule ambao mtu ameinuka akaonyesha nguo. Tafuta walioshonewa nguo na nyanya yako, kwa maana hiyo ninayoisema, na uwaache wao ndio waseme.

Muuguzi Mstaafu, Tudor, amejibu:

Mwanangu, nimesoma maneno yako nikajua mara moja kwamba umelelewa na mwenzetu. Hapo penye kitanda cha dirishani ndipo nilipokujua, maana sisi hatukuwaita watoto kwa magonjwa yao.

Siri za wagonjwa zisikutie hofu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu haikuwa na siri yoyote, ila hakuna anayeitazama. Watu wanapotaka kumsifu muuguzi husema alikuwa na huruma, na huruma ni kweli, lakini huruma haimalizi zamu. Mwambie msikilizaji kazi ilivyokuwa. Wakati wetu sindano zilikuwa za kioo, hazitupwi. Baada ya kutumika zinaoshwa, zinachemshwa, na ncha iliyokuwa butu inanolewa kwenye jiwe ili isimwumize mtoto. Kupima joto na mapigo ya moyo kila baada ya saa kadhaa na kuandika kwenye chati, usiku kucha, kwa watoto wa wadi nzima, kwa mwanga hafifu ili usiwaamshe waliolala. Kumgeuza asiyeweza kujigeuza, asioze mgongo. Ukieleza hayo hutamtaja mgonjwa hata mmoja, na kila muuguzi aliye kanisani atainua kichwa.

Kisha kuna mambo aliyoyaona yakibadilika, ambayo vijana wa leo hawawezi kuyajua wasipoambiwa. Yeye aliyeanza kazi kabla ya uhuru aliikuta ndui ikiwa ugonjwa wa kuogopwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka wa 1977, na mwaka wa 1980 dunia ikatangaziwa kwamba imekwisha. Mwaka huohuo wa 1980 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Kabla ya hapo, mwanangu, wadi ya watoto wakati wa surua ilikuwa mahali ambapo hata aliyezoea alitoka nje akasimama ukutani. Pepopunda ya watoto wachanga ndiyo iliyoniumiza mimi zaidi, kwa kuwa ilitokana na kitovu kukatwa kwa wembe usio safi, na dawa yake hasa ilikuwa kumchanja mama mapema na kumpa mkunga wa mtaani wembe mpya. Nyanya yako alipohamia kliniki ya mama na mtoto, pengine ndugu zako wanadhani alikwenda mahali pa kupumzikia. Alikwenda mahali pa kuzuia vifo alivyokuwa akivishuhudia wadini. Kama aliliomba mwenyewe lile badiliko la kazi, liseme.

Tena waulize mabinti wa zamani wa mtaa ni nani aliyewafundisha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nina hakika watamtaja.

Jambo moja la mwisho, na hapa ndipo siri inapoanza. UKIMWI ulipoingia, mgonjwa wa kwanza nchini akithibitishwa mwaka wa 1984, ilichukua miaka mingi kabla ya dawa za kupunguza makali kuwafikia watu wa kawaida. Hata kutangazwa kuwa janga la taifa kulingoja hadi mwaka wa 1999. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na nyumba ambazo chakula cha mgonjwa kilisukumwa kwa mlango. Baadhi yetu tulikuwa tukienda nyumba hizo baada ya kazi, tunaogesha, tunabadilisha shuka, tunakaa kitandani tukila naye sahani moja ili wenye nyumba waone. Sisemi kwamba nyanya yako alifanya hivyo, kwa kuwa simjui. Lakini ukigundua kwamba alifanya, andika tendo, usiandike nyumba.

Binti wa Kibokoni amejibu:

Assalaam aleikum, ndugu yangu, na poleni sana nyumbani.

Mimi ni Mwislamu wa Mji wa Kale na ninajibu lile swali lako la kwanza, kwa kuwa umetuhofia sisi tutakaokaa viti vya nyuma. Msituhofie. Tukija ukumbusho wa Mkristo tunajua tumekuja kanisani, na tutashangaa zaidi tukisikia Mungu ameachwa nje kwa ajili yetu.

Sisi tulikuwa na muuguzi wetu wa Kikristo ambaye alikuwa akija nyumbani kumtazama mama yangu kila alipojifungua, ndani ya zile siku arobaini ambazo mzazi hatoki. Alikuwa akifika amejifunga leso juu ya sare yake, kwa heshima ya nyumba, anabisha hodi na kungoja aitikiwe hata kama mlango uko wazi. Anamtazama mtoto kitovu, anamtazama mama, halafu kabla ya kuondoka anainamisha kichwa, midomo inacheza, hatusikii neno. Mama yangu alimwuliza siku moja anasema nini. Akajibu kwamba anawaombea, na kwamba kama mama hapendi basi atawaombea akifika njiani. Mama akamwambia aombee hapohapo. Hakuwahi kutuhubiria, na hakuna mtu nyumbani kwetu ambaye hakujua imani yake.

Ramadhani ikifika, sinia ya kwanza ya futari kutoka nje ya ukoo ilikuwa yake: mbaazi za nazi, muhogo, na kaimati zake ambazo, Mungu amrehemu, zilikuwa ngumu kidogo, nasi tukazila zote. Krismasi sahani ile haikurudi tupu. Ninakueleza haya ili uone kwamba nyanya yako huenda ana mashahidi katika nyumba ambazo baba yako mdogo hakufikiria kuzibishia hodi. Nenda ukawaulize kina mama wa Kiislamu wa mtaani kwenu, wale wenye umri wa kuzaa wakati akiwa kazini, na uende na dada yako au shangazi yako, kwa sababu mengine hawatamwambia mwanamume.

Dada wa Changamwe amejibu:

Nimesoma majibu yote kwa furaha, na sina nia ya kuharibu, ila kuna upande ambao haujaguswa.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya ukarimu kama hiyo. Nyanya yangu alisifiwa mtaa mzima kwamba mlango wake haukufungwa, na ni kweli haukufungwa. Walioteka maji ya wageni kutoka bombani, waliokaa juu ya mbuzi kukuna nazi, waliowapisha wageni kitanda wakalala kwenye mkeka jikoni, tulikuwa sisi wasichana. Mgeni alipoondoka aliinama akambusu nyanya mkono, akamshukuru. Nilikuwa na mtihani wa darasa la saba na nyumba ilikuwa na matanga ya watu nisiowajua. Nilimpenda nyanya yangu na ninampenda hadi leo, na nilikuwa nimechoka.

Umesema hakuwaomba ruhusa, akasema tu mpeni maji ya kuoga. Je, ni nani aliyeyachota? Ni nani aliyechemsha hiyo chai alipokuwa kazini? Babu yenu alisema nini mshahara ulipokuwa ukiisha katikati ya mwezi? Ninaona kwamba wasifu wa mtu mkarimu ambao hauwataji waliobeba ukarimu huo haujakamilika, na kanisani siku hiyo watakuwa wamekaa pale, shangazi zako, wakisikiliza kazi ya mikono yao ikitajwa kwa jina la mtu mmoja.

Mzee wa Rabai amejibu tena:

Binti yangu wa Changamwe, nimekusikia, na nina shaka kidogo. Manung'uniko ya nyumbani yana mahali pake, nayo ni nyumbani, baada ya wageni kuondoka. Mbele ya madhabahu, siku ya kumkumbuka marehemu ambaye hawezi kujibu, mimi nisingeyasoma.

Dada wa Changamwe amejibu:

Baba, sijasema alalamikiwe. Nimesema washukuriwe. Mjukuu anaweza kuandika kwamba nyanya aliwaleta wageni na kwamba shangazi zake, awataje kwa majina, ndio waliowapokea. Sioni ni wapi hapo marehemu amevunjiwa heshima.

Mzee wa Rabai amejibu:

Hapo umesema kweli. Waandikwe.

Mjukuu wa Kisauni amejibu:

Wazee wangu, mama zangu na dada zangu, ninawashukuru. Nimechukua muda kurudi kwa sababu nilifuata mliyoniagiza, nikaenda na shangazi mkubwa nyumba kwa nyumba.

Mzee, kuhusu kengele, shangazi anakumbuka nyanya akisimulia kwamba bibi yake alikuwa akiisikia kengele ya kanisa Jumapili na kushtuka kwanza, kisha kucheka. Basi, hakueleza zaidi. Nimeliweka kama lilivyo bila kulihusisha na lolote.

Mama wa Tudor, ni kweli aliomba mwenyewe kuhamia kliniki. Baba mdogo alikuwa akijua na hakuona kwamba ni jambo la kuandikwa. Na Binti wa Kibokoni, tulikaa barazani kwa jirani wa Kiislamu hadi adhana ya magharibi, na nilichokipata hapo kinazidi kilichokuwa kabatini pamoja na vyeti. Shangazi zangu nao, nilipowauliza nani alikuwa akichota maji, walitazamana kwanza wakacheka, halafu mmoja akaanza kueleza na hakunyamaza hadi usiku.

Vyeo tumevipeleka kwenye kijitabu cha ibada, ukurasa wa nyuma, na baba mdogo ameridhika kwa kuwa yeye ndiye atakayekipeleka kuchapishwa. Hii ni sehemu ya katikati ya wasifu, ninaomba mnisahihishie:

"Mama yetu aliomba aondolewe wadini apelekwe kliniki, nao waliomwuliza kama amechoka aliwajibu kwamba amechoka kupokea watoto waliochelewa. Pale kliniki aliwafuata mama zao kabla hawajazaa. Aliyekosa tarehe ya chanjo alimwona Sista mlangoni kwake siku ya pili, jua likiwa kali, akiwa na kadi mkononi na bila neno la kumfokea. Alipotoka kazini alikuwa akija na wageni ambao hatukuwajua, na mabinti zake walichota maji, wakapika, wakatoa vitanda vyao, mwaka hadi mwaka. Leo tunawashukuru mbele ya kanisa kwa majina yao. Wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipowatia watu hofu, alikuwa akienda kila jioni katika nyumba moja nyuma ya msikiti, karibu na kinu cha kusaga, kumwogesha kijana ambaye hakuna aliyetaka kumgusa, na alikula naye sahani moja hadi mwisho. Aliomba kabla ya kuingia, akiwa amesimama nje, na hatukuwahi kumwuliza alikuwa akiomba nini."

Muuguzi Mstaafu, Tudor, amejibu:

Mwanangu, ni nzuri, na ile sentensi ya watoto waliochelewa usiiguse.

Lakini toa msikiti na utoe kinu. Watu wa Kisauni watakaokuwa wamekaa mle kanisani wanajua ni nyumba gani iko nyuma ya msikiti karibu na kinu, na kama mama wa yule kijana yu hai, au ndugu zake, huenda wakawa wamekaa benchi la tatu kwa sababu ya mema aliyowatendea nyanya yako. "Kila jioni" nayo inawaambia majirani ni mwaka gani walimwona akipita. Andika kwamba alikwenda kwa wagonjwa ambao wengine waliwaogopa, akawaogesha, akala nao sahani moja. Ifanye iwe wengi, kwa kuwa nina hakika hakuwa mmoja.

Na neno "kijana" pia liondoe.